Kiasi cha bunduki: mizani, risasi na waliokatazwa kipimo



Tembea Geita mjini, Katoro au Nyarugusu siku yoyote ya juma, kila penye biashara ya dhahabu utakuta kifaa kimoja: mizani. Ni midogo, inakaa mezani, inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Mchimbaji ameshinda shimoni, amesaga mawe, ameosha, amechoma, na mwisho wa yote jasho lake linawekwa juu ya kisahani kile. Tarakimu zinazotokea ndizo zinazoamua watoto watakula nini.

Watu wa huku tunajua maana ya kipimo. Ndiyo maana leo nataka tuichukue mizani hiyo hiyo tupimie kitu kingine: risasi.

Najua kuna mdau atakayeguna: kulikoni, huyu kijana wa habari ameacha bei ya dhahabu anaingia kwenye silaha? Vuta subira, ndugu yangu. Historia ya risasi katika nchi yetu ni historia ya nani aliruhusiwa kupima na nani alikatazwa. Na matokeo yake yalihesabiwa kwa roho za watu.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kina kumbukumbu ndefu kuliko sisi.

Neno risasi lina maana mbili. Ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na ni ile metali nzito ya kijivu, laini, inayoyeyuka kwenye moto wa kawaida wa mkaa. Tulilipata kutoka kwa Waarabu, na tuliliacha libebe maana zote mbili kwa sababu kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Ulikuwa unayeyusha risasi, unamimina kwenye kalibu, inapoa, unatoa kigololi.

Kuna neno la pili ambalo vijana wengi hatulijui tena. Watu wa pwani zamani walimwita yule mtungi mdogo wa baruti na risasi uliofungwa pamoja "kiasi cha bunduki". Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zimelihifadhi neno hilo. Kiasi! Yaani kipimo. Wazee wetu walishaelewa kwamba kinachoingia kwenye bunduki, kabla ya kuwa chuma na moto, ni kipimo kwanza. Baruti ikizidi, mtutu unapasuka usoni mwako. Ikipungua, risasi inaanguka njiani. Na risasi moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, leo unapiga kulia, kesho kushoto, na hujui umekosea wapi.

Sasa tazama jambo hili. Wazungu waliotengeneza bunduki za karne ile walipima risasi kwa kipimo kinachoitwa punje, au greni. Wauza dhahabu wa dunia nao walikuwa wanatumia greni hiyo hiyo. Wakia moja ya dhahabu, ile inayotajwa kila siku kwenye bei ya soko la dunia, ni greni 480, sawa na gramu 31.1. Tola moja, ambayo masonara wenye asili ya Kihindi wameizoea, ni greni 180, yaani gramu 11.66.

Na risasi ya bunduki ya Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza kuanzia mwaka 1871, ilikuwa na uzito gani? Greni 480. Wakia moja kamili! Uzito ule ule ambao leo dunia nzima inautumia kuuliza bei ya dhahabu ya Geita ndio uliokuwa ukitoka kwenye mtutu wa askari wa Malkia.

Tuingie kwenye ufundi kidogo, lakini sitawachosha.

Leo hii, duniani kuna watu wanaoshindana kulenga shabaha mbali sana, mita 500, 1,000 au zaidi, na wengi wao hujaza risasi zao wenyewe kwa mkono. Katika nchi zinazoruhusu, mtu hununua vichwa vya risasi, maganda, fataki na baruti, akaviunganisha nyumbani. Kabla ya kuunganisha, anakagua. Anaweka kila kichwa kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greni, uzito usiofika mia moja ya gramu. Anapima urefu. Anapima unene. Anazungusha risasi kuona kama inayumba. Kisha anatenga mafungu: zinazofanana huku, zilizopotoka kule. Zile bora ni za mashindano, zilizobaki za mazoezi.

Kwa nini ahangaike hivyo? Kwa sababu mtutu wa bunduki ya kisasa una mifereji ndani inayoizungusha risasi. Chukua bunduki ya Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898. Mifereji yake inazungusha risasi mara moja kwa kila sentimita 24. Risasi ikitoka kwa mwendo wa karibu mita 880 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe: inazunguka zaidi ya mara 3,600 kwa sekunde moja. Kitu kinachozunguka namna hiyo, uzito wake ukiegemea upande mmoja hata kidogo tu, kinayumba. Mtu aliyepanda baiskeli yenye gurudumu lililopinda anajua ninachosema. Mwendo mdogo unavumilia, mwendo mkali unakutupa.

Ila mizani peke yake haitoshi, na hapa mwenzangu wa Geita atanielewa haraka kuliko mtu yeyote. Risasi mbili zinaweza kuwa na uzito sawa kabisa, moja imenyooka na nyingine ganda lake la nje ni nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Mizani inasema ni mapacha. Ni kama vipande viwili vya dhahabu vya gramu kumi kumi, kimoja safi na kingine kimechanganywa na fedha. Uzito ni mmoja, mali ni tofauti. Ndiyo maana mnunuzi makini hupima uzito kisha hupima na usafi. Na mlenga shabaha makini hupima, halafu mwisho anapiga fungu zima kwenye karatasi aone matundu yanakusanyika au yanatawanyika. Karatasi ndiyo hakimu.

Kwa hiyo siri ya shabaha ni kufanana. Risasi nzuri ni ile inayofanana na mwenzake aliyetangulia na mwenzake anayefuata. Shikeni hilo, maana sasa tunarudi nyuma.

Katika karne ya 19 bunduki zilimiminika bara kutoka pwani. Mwaka 1888 balozi mkuu wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilipanda na misafara ya pembe za ndovu hadi Tabora, zikasambaa Unyamwezi na Usukuma mpaka kando ya ziwa. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake na vijana wa rugaruga wenye bunduki hizo.

Nyingi zilikuwa za aina gani? Gobore na gumegume. Unamwaga baruti mdomoni mwa mtutu, unasukumia kitambaa kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena. Mtutu wenyewe ni laini ndani, hauna mifereji. Risasi lazima iwe ndogo kuliko tundu ili iingie, kwa hiyo ikitoka inagonga ukuta huu na ule, na inakwenda ilikoelekezwa na mgongano wa mwisho. Pasipopatikana risasi ya kuyeyusha, kilichopatikana ndicho kilichotumika: kipande cha chuma, waya, hata kokoto.

Msidhani huku kwetu hakukuwa na mafundi. Misitu ya Geita na Buzinza ilikuwa na Warongo, mabingwa wa kuyeyusha chuma, na majembe ya huku yalisafiri mbali kwa biashara na kwa mahari. Fundi aliyeweza kutoa chuma kwenye jiwe angeshindwa kutengeneza kigololi? Asingeshindwa. Kilichokosekana ni kitu kingine: mtutu wa kisasa wenye mifereji, baruti inayotoka kiwandani na nguvu ile ile kila mara, na risasi elfu moja zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja.

Na hicho kilichokosekana, ndugu zangu, kilikatazwa kwa maandishi.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Watu wengi tunaukumbuka kama mkataba wa kupiga vita biashara ya utumwa, na kweli ndivyo ulivyojitambulisha. Zanzibar yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, ilikatazwa kuingiza silaha za kisasa na hasa bunduki zenye mifereji. Kilichoweza kuruhusiwa kwa wenyeji, pale penye ruhusa, ni gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Geita iko nyuzi 2 na ushee kusini ya ikweta, yaani katikati ya eneo hilo.

Tafsiri yake kwa lugha ya mtaani ni hii: wewe Mwafrika baki na bunduki isiyolenga. Anayetawala abaki na inayolenga. Wanadiplomasia wale hawakuandika kwamba Mwafrika asiwe na bunduki kabisa. Waliandika, kwa ustadi mkubwa, kwamba asiwe na ile yenye kipimo.

Miaka 15 baadaye matokeo yakaonekana. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 huko kusini, watu walikwenda vitani na mikuki, mishale na magobore, wakiamini dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Wasomi wengi wameandika kuhusu imani ile, na wengine wameicheka. Mimi naiona kwa jicho jingine. Mtu aliyenyimwa kipimo kwa sheria ya mataifa atafanya nini mbele ya kipimo cha adui? Ataomba kipimo hicho kivunjike. Ataomba risasi zisifanane tena na risasi, ziwe maji. Hazikuwa maji. Vita vilipokwisha mwaka 1907, takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamefika mpaka 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa mashamba na maghala.

Lakini historia ina kejeli zake. Haikupita miaka 10 na Mjerumani naye akajikuta anahangaika na risasi zisizofanana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1914, makao makuu Berlin yalikuwa yameiacha Schutztruppe, jeshi lao la hapa, na silaha za zamani. Kampuni nyingi za askari zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871. Ilipiga risasi moja moja, kipande cha risasi cha milimita 11 chenye gramu 25 hivi, kwa baruti nyeusi. Baruti nyeusi inatoa wingu la moshi. Ukifyatua mara moja, adui yako anajua umejificha kichaka gani. Askari wale, na wengi wao walikuwa Wasukuma na Wanyamwezi wa huku kwetu, waliibeba aibu hiyo ya moshi mpaka kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914. Walishinda, na sehemu ya faida ya ushindi ule ilikuwa bunduki za kisasa na risasi karibu 600,000 zilizoachwa na jeshi la Uingereza na India lililokimbilia melini.

Ila vita ni mlaji. Risasi zinaisha, na bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza. Ndipo Ujerumani ikatuma meli iitwayo Rubens, imejificha kama meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, imebeba bunduki na mamilioni ya risasi. Tarehe 14 Aprili 1915 ikafika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Uingereza Hyacinth iko mkiani. Nahodha wake, Carl Christiansen, akaizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi. Waingereza wakapiga mizinga, wakaona moshi na moto, wakaondoka wakiamini kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wajerumani waliiopoa mali ile. Maboksi ya risasi yakatolewa majini, yakabebwa, yakaenda kwa reli hadi Moshi. Lakini yalikuwa yamekunywa maji ya chumvi.

Hapa ndipo panaponivutia zaidi, na hapa ndipo tunapoikuta hapa kwetu kazi ile ile ya walenga shabaha wa leo. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kilichofuata. Kadiri siku zilivyopita, baruti na fataki zilizidi kuharibika, na risasi zilizokataa kulipuka zikazidi kuongezeka. Hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kuzifungua. Kichwa kitolewe, baruti ianikwe, fataki zilizokufa zibadilishwe kwa nyingine zilizopatikana nchini, hata kama ni za aina tofauti, kisha risasi ifungwe upya. Kwa miezi, karakana za Moshi zilifanya kazi hiyo asubuhi mpaka usiku.

Fikiria hesabu ya kazi ile. Kila risasi ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki, baruti na kichwa. Zote zinafunguliwa, zote zinarudishwa. Baruti iliyoanikwa vizuri inawaka haraka, iliyobaki na unyevu inawaka kivivu. Kichwa kilichotolewa na kurudishwa hakikai tena kwa ukali ule ule wa kiwandani. Fataki za aina tofauti zinawasha kwa nguvu tofauti. Kwa maneno mengine, risasi zilizotoka kiwandani Ujerumani zikiwa mapacha, zilitoka Moshi zikiwa ndugu wa mama tofauti.

Ikabidi zipimwe na kutengwa mafungu. Zile zilizobaki nzima, ambazo hazikuguswa na maji, ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Kati ya zile zilizofungwa upya, fungu lililokuwa na risasi kama 20 zinazokataa katika kila 100 lilipelekwa vitani. Fungu lenye kukataa zaidi ya hapo likawa la mazoezi.

Kwa nini bombomu ipewe nzuri zote? Kwa sababu mashine ile inajiendesha kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Risasi moja ikikataa, mashine yote imesimama mpaka mpigaji aivute kwa mkono. Askari wa bunduki ya kawaida yeye anaambiwa, ikikataa, vuta komeo, itupe, tia nyingine.

Ni rahisi kuandika hivyo ofisini. Hebu tupige hesabu ya askari aliyelala nyuma ya kichuguu. Bunduki ya Mauser inabeba risasi tano. Kama katika kila mia moja 20 zinakataa, uwezekano wa zote tano kulipuka bila hitilafu ni kama theluthi moja tu. Maana yake, katika kila mara tatu anazojaza bunduki yake, mara mbili atakutana na angalau risasi moja bubu. Anavuta kifyatulio, kinalia "ta!", kimya. Adui yuko mita 50. Na askari huyo hakushiriki kuamua kwamba fungu la asilimia 20 linatosha kupelekwa vitani. Aliyetenga mafungu aliamua kwa niaba yake.

Hiyo ndiyo maana ya kipimo, ndugu zangu. Kwa mlenga shabaha wa mashindano, fungu baya linamkosesha kikombe. Kwa askari yule wa Kisukuma, fungu baya lilimkosesha kurudi Usukuma.

Na tusimsahau aliyezibeba. Boksi la risasi halikutembea lenyewe. Mizigo ya vita ile ilipanda vichwani mwa wapagazi, kwa pande zote mbili, na upande wa Waingereza peke yake takwimu rasmi zilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, huku makadirio mengine yakienda juu zaidi ya mara mbili. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Mpagazi hakujua kama boksi alilobeba ni la risasi nzima au bubu. Uzito kichwani ni ule ule.

Mambo yalizidi kubana. Moshi ilianguka mikononi mwa Waingereza Machi 1916, Mwanza Julai mwaka huo huo. Mjerumani, akiwa amekimbilia Tabora, hana fedha za kulipa watu, akaanza kufua sarafu mwenyewe katika karakana za reli. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, kusini ya Shinyanga. Na sarafu ndogo za heller 20 zilifuliwa kwa shaba iliyojumuisha maganda ya risasi za mizinga. Mwaka mmoja, mji mmoja, dhahabu ya ukanda wetu na maganda ya vita vikageuka fedha pamoja. Na hapo pia ilikuwa ni kazi ya mizani, maana sarafu isiyofanana na mwenzake hakuna anayeiamini.

Vita ile ilimalizika huku tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Bunduki walizosalimisha askari wake zilikuwa za Kireno na za Kiingereza, zilizotekwa. Zile Mauser na risasi zake zilizoanikwa Moshi hazikufika mwisho wa safari.

Je, habari hii imekwisha? Haijaisha.

Gobore bado lipo. Mara kwa mara polisi wa mikoa yetu hii ya kanda ya ziwa huwaonyesha waandishi wa habari magobore waliyokamata, baruti ndani ya kopo, na kinachotumika kama risasi: goroli na vipande vya nondo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kutengeneza silaha wala risasi bila leseni, na kwa maoni yangu ni sawa kabisa. Aliyeona jeraha la nondo iliyokatwa kwa msumeno hawezi kubisha. Kipande kile hakijui kinakokwenda. Anayelengwa anaweza kupona, na mtoto aliyesimama mlango wa pili akapigwa. Na mara nyingine mtutu unapasuka na kumrudia mwenye nao. Hicho ndicho kiasi kisichopimwa.

Hata risasi zilizotengenezwa kiwandani, nazo zinazeeka na zinahitaji kukaguliwa. Nchi yetu imelia mara mbili kwa milipuko ya maghala ya jeshi Dar es Salaam: Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Kila tukio liliua watu wasiopungua 20. Tangu miaka ya 1970 tunalo shirika letu la Mzinga, Morogoro, chini ya jeshi. Mkataba wa Brussels ulishakufa, na kipimo sasa ni chetu. Lakini kipimo kikiwa chako, na lawama ya kutopima ni yako.

Naam. Kwa wachimbaji wadogo wa Geita jambo hili lina uso mwingine. Kwa miaka mingi mizani ilikuwa mali ya mnunuzi. Yeye ndiye aliyeileta, yeye aliisoma, yeye alitaja usafi wa dhahabu, na mchimbaji akapokea alichopewa. Masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa wa kwanza, yaliweka mizani mahali pa wazi na ofisa wa serikali pembeni. Unaweza kuyalalamikia masoko hayo kwa mengine, lakini kwa hilo siwezi. Mwenye jasho sasa anaona tarakimu.

Mkataba wa 1890 ulimwacha Mwafrika na bunduki, ukamwondolea kipimo. Fundi wa Moshi mwaka 1915 alipima, ila askari aliyebeba matokeo hakuambiwa jibu. Ukiwa na mali bila mizani, au mizani ikasomwa na mwingine chumba cha ndani, bado uko gizani.

Basi ukienda kuuza gramu zako wiki hii, inama, usome mwenyewe.

Karibuni kwa maoni, wadau. Na kama una babu au bibi huko Sengerema, Kahama au Nzega aliyesimuliwa na wazazi wake habari za askari au wapagazi wa vita ile, kaa naye chini, muulize, andika. Usingoje kesho.